Botulizimu: mbuzi anapotafuna mfupa

Mbuzi akisimama pembeni mwa malisho, taya zikisaga mfupa mkavu hadi unasikika, wengi wetu hucheka tu: mbuzi bwana, hula chochote. Mfupa huo ni mojawapo ya njia ambazo botulizimu huingilia zizini.

Botulizimu haiambukizwi na mnyama mgonjwa. Ni kula sumu. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hulala udongoni miaka mingi akiwa ndani ya ganda gumu. Akipata pasipo hewa, penye joto na protini, yaani ndani ya mzoga, huamka na kutengeneza sumu. Kwa mifugo zinazosumbua zaidi ni aina za C na D. Mzoga hukauka lakini sumu hubaki kwenye vipande vilivyogandia mfupa. Panya aliyefia kwenye nyasi kavu au kwenye tangi la maji anaweza kuangusha wanyama wengi, na samadi ya kuku iliyomwagwa malishoni ni hatari kwa sababu mara nyingi ina kuku waliokufa.

Ikishafika kwenye damu, sumu hukata mawasiliano pale neva inapokutana na msuli. Neva inaita, msuli hausikii. Homa kwa kawaida hakuna, na akili mnyama anazo. Kondoo huanza kutembea kwa kukakamaa, kichwa kikiinamia upande au kikinesa kila hatua, mate yakimtoka, mkia ukipigapiga. Mwishoni hulala amelegea kabisa, akipumua kwa tumbo, mpaka misuli ya kupumulia nayo inagoma. Akipasuliwa, haonekani kidonda cha kueleza kifo. Si ajabu mfugaji akamshuku jirani.

Lakini mla majani ana njaa gani ya mifupa? Wafugaji wa Afrika Kusini waliuita ugonjwa huu lamsiekte, yaani ugonjwa wa kupooza. Karibu na mwaka 1920 daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake, wakifanya utafiti shambani Armoedsvlakte karibu na Vryburg, walionyesha kwamba udongo wa huko ulikuwa na fosforasi haba, nyasi vilevile, na ng'ombe waliyatafuta madini hayo mifupani. Walipopewa unga wa mifupa, hamu ile ilipungua. Kwa kondoo wa Australia Magharibi, miaka ya 1930, kilichopungua malishoni kilikuwa protini na chakula cha nguvu. Wakaanza kutafuna mizoga ya sungura.

Kwa hiyo chumvi ya madini yenye fosforasi ni kinga, sawa na kuchoma mizoga au kuifukia kwa kina. Chanjo ya C na D ipo, ila huchanjwa kabla. Aliyekwisha kulala haimsaidii. Huyo usimnyweshe dawa kwa chupa: koo limepooza, itaingia mapafuni. Wala usimchinje upate kitoweo.