Je, wajua kwa nini dawa iliyokwisha kuidhinishwa hutolewa onyo jipya?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ikishafika dirishani kwa mfamasia, madhara yake yote yameshajulikana na kuandikwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi. Kwa hiyo onyo likitoka baadaye, ama wataalamu walizembea, ama walituficha. Wengi hudhani hivyo hadi leo, na dhana hiyo ni ya hatari, maana humfanya mgonjwa aache dozi pale tu anaposikia tangazo. Idhini haisemi kwamba dawa haina madhara. Inasema kwamba, kwa watu waliojaribiwa, faida ilizidi madhara yaliyoonekana, na neno la kuzingatia hapo ni "yaliyoonekana".

Chukua gunia la mchele. Ukichota kibaba kimoja, ukakichambua kwenye ungo usikute jiwe, hujathibitisha kwamba gunia zima ni safi. Umejua tu kwamba mawe, kama yamo, si mengi. Dawa mpya nayo hujaribiwa kwa mamia au maelfu machache ya watu. Kwa hesabu za takwimu, watu 3,000 wakiitumia na asipatikane hata mmoja mwenye dhara fulani, kinachoweza kusemwa kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba dhara hilo halizidi takriban mtu 1 katika kila 1,000. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 laweza kabisa kupita bila kuonekana, likajitokeza gunia lote linapoingia jikoni. Tena kibaba cha majaribio huwa kimechaguliwa: wajawazito, kwa mfano, mara nyingi huachwa nje.

Kibaba hichohicho chaweza pia kutisha kupita kiasi. Mei 2018, watafiti nchini Botswana waliripoti kwamba kati ya watoto 426 waliozaliwa na wanawake walioshika mimba wakitumia dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, 4 walikuwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kama vile mgongo wazi. Hiyo ni asilimia 0.94, ilhali kwa dawa nyingine za VVU ilikuwa 0.12. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari, na nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwawekea wanawake wa umri wa kuzaa masharti ya kuipata. Julai mwaka huohuo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakadai waelezwe hatari hiyo ilivyo, kisha waachiwe uamuzi. Naona walidai jambo la haki. Kufikia Julai 2019 hesabu ilikuwa watoto 5 kati ya 1,683, yaani asilimia 0.30, na shirika hilo likaipendekeza dawa hiyo iwe chaguo la kwanza kwa wote. Takwimu zilizofuata zilionyesha tofauti hiyo ikikaribia kutoweka.

Kwa hiyo daktari au mfamasia anayeeleza dawa mpya vizuri haishii kuandika "1 x 2" juu ya bahasha. Hutaja maudhi ya kawaida, dalili za kumrudisha mgonjwa kituoni haraka, na jinsi dawa hiyo ilivyo ngeni. Humwambia pia asiiache kabla ya kuuliza.

Mgonjwa akirudi na vipele vilivyotoka siku ya tatu, mhudumu hujaza fomu ya njano: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuanza, dalili. Tanzania fomu hiyo huenda TMDA, mamlaka ya serikali inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu. Na taarifa za nchi nyingi hukusanywa katika kituo cha kufuatilia madhara ya dawa kilichoko Uppsala, Sweden. Ripoti moja haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kwani vipele vina sababu nyingi. Zikifika kadhaa zinazofanana kutoka vituo visivyojuana, uchunguzi huanza, na ukithibitisha, kile kikaratasi cha ndani ya boksi huandikwa upya.