Mwaka Usiokuwa na Kidato cha Kwanza: Kusoma Daftari la Usajili la Skuli ya Lamu

Mtu akitaka kujua historia ya skuli ya upili ya umma, kwanza hupelekwa kwenye jiwe la ufunguzi lililojengewa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Jina la waziri, tarehe, basi. Mimi hulipita. Jiwe linakwambia nani alikuja kukata utepe na kula pilau. Waliosoma humo halina habari nao. Mimi ni mwalimu wa Historia, na kwa muda mrefu sasa mimi ndiye ninayeitwa skuli za huku Lamu zikitaka kupanga makaratasi yao ya zamani. Nikifika huomba kitu kimoja kabla hata ya chai: daftari la usajili.

Ni lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo karani hulifungia kabatini. Kila mtoto anayeingia hupewa nambari, na nambari hiyo haipewi mtu mwingine tena hata akifukuzwa siku ya pili. Mbele ya nambari kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, skuli ya msingi aliyotoka, jina la mzazi na kazi yake, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na sababu ya kutoka. Wengi hulisoma kwa kumtafuta mtu mmoja. Lisome kwa safu: shika safu moja uteremke nayo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Katika madaftari ya zamani utakuta watoto chungu nzima wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo. Walizalishwa nyumbani na mkunga, hawakuwa na cheti, na karani alihitaji kuandika kitu, kwa hiyo akakisia mwaka na kuujazia siku ya kwanza. Kinachonifurahisha ni kwamba mama zao walijua siku yenyewe barabara. Mwana fulani alizaliwa Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, mwaka wa masika makubwa. Safu ya karani haikuwa na nafasi ya maelezo hayo.

Sasa njoo kwenye tarehe ya kuingia, uteremke taratibu hadi miaka ya themanini. Wameingia wa 1983, wameingia wa 1984, kisha daftari linaruka moja kwa moja hadi 1986. Mwaka 1985 hauna kitu, isipokuwa mmoja mmoja waliohamia kutoka skuli nyingine. Mara nyingi huulizwa kama kuna kurasa zilizoraruliwa. Hakuna. Mwaka huo Kenya nzima haikuwa na kidato cha kwanza.

Sababu yake ni hii. Hadi hapo mfumo wetu ulikuwa miaka saba ya msingi, minne ya upili, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu ya chuo kikuu. Tume iliyoongozwa na Profesa Mackay mwaka 1981 ilipendekeza chuo kikuu cha pili, na kutoka hapo ndipo mfumo ukageuzwa kuwa 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya upili, minne ya chuo kikuu), ulioanza Januari 1985. Watoto waliomaliza darasa la saba mwaka 1984, ambao ilikuwa zamu yao kuvuka kwenda sekondari, waliambiwa wabaki msingi mwaka mmoja zaidi. Wakafanya KCPE ya kwanza, mtihani mpya wa kumaliza msingi, mwishoni mwa 1985, wakaingia kidato cha kwanza 1986, wakafanya KCSE ya kwanza, mtihani mpya wa kidato cha nne, 1989. Waliowatangulia walifanya KCE ya mwisho, mtihani wa zamani wa kidato cha nne, 1987. Ndiyo maana mwaka 1988 hakuna aliyefanya mtihani wa kidato cha nne. Lile pengo la daftari lilikuwa linapanda darasa kwa darasa hadi likatokea juu.

Katika bweni pengo hilo lilikuwa na maana yake. Aliyewahi kulala bwenini anajua kidato cha kwanza ni nani: ndiye achotaye maji, apangaye foleni ya mwisho ya chakula, atumwaye sabuni, afuaye soksi za mtu ambaye hata hamjui kwao. Hupumui mpaka waje wengine Januari. Sasa wafikirie walioingia 1984. Wamevumilia mwaka mzima, wamerudi wakiwa kidato cha pili, wamekaa wakingoja wageni, na hakuna aliyeteremka kutoka kwenye boti. Mzee mmoja wa kundi hilo huniambia hadi leo kwamba yeye alikuwa kidato cha kwanza miaka miwili.

Jambo lenyewe limejirudia, na wachache wamelitambua. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Waliofaulu wakaingia kidato cha kwanza 2024. Wale wa mtaala mpya, uliochukua nafasi ya 8-4-4, walikuwa wameanza Gredi ya 7 Januari 2023, na kwa kuwa sekondari ya chini imewekwa katika skuli za msingi, hawakufika skuli ya upili hadi Gredi ya 10, Januari 2026. Kwa hiyo 2025, miaka arobaini kamili baada ya 1985, daftari limebaki jeupe tena. Safari hii hata hivyo hasara imeonekana zaidi kwa mhasibu kuliko bwenini. Tangu 2018 serikali hulipia kila mwanafunzi wa upili shilingi 22,244 kwa mwaka, au ndivyo iandikwavyo. Fedha zenyewe huja kwa mafungu na kwa kuchelewa. Kidato kizima kikikosekana, fedha za kidato kizima hazipo, na walimu wa kwanza kuguswa ni wale walioajiriwa na bodi ya skuli.

Turudi nyuma kidogo, kwa haraka. Wakati wa ukoloni skuli za Kenya ziligawiwa kwa rangi na asili: Wazungu zao, Wahindi zao, Waarabu zao, Waafrika zao, na Mswahili wa Lamu alikuwa akivutwa huku na huku kulingana na nani aliyeshika kalamu. Aliyetaka masomo ya juu alipanda chombo kwenda Mombasa. Oktoba 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulipokuwa ukikabidhiwa Kenya, barua zilizobadilishwa kati ya Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, ziliahidi, pamoja na mahakama za kadhi, kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Hilo "kadiri itakavyowezekana" limewatosha wengi kutofanya chochote.

Safu ya kazi ya mzazi ndiyo tajiri kuliko zote. Mvuvi, nahodha, fundi wa mashua, fundi wa kuchonga milango, mwenye duka, mvuvi, mvuvi. Kisha baada ya mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta kufunguliwa Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, katika miaka ya sabini, "mkulima" anaanza kujaa, na safu ya majina inabadilika kando yake. Mtoto wa Kizingitini aliyekulia juu ya chombo akawa analala kitanda kimoja cha ghorofa na mtoto aliyezaliwa Nyeri asiyejua kuogelea. Nani alimfundisha mwenzake nini, daftari halisemi, ila nimewasikia watu wazima wa Mpeketoni wakisema Kibajuni kwa mizaha ambayo hawakuipata darasani.

Hapo kwenye mafundi kuna jambo linaloniudhi. Mtaala wa 8-4-4 ulipoleta masomo ya mikono, skuli zikaambiwa zijenge karakana, na wazazi wakachangishwa harambee. Kuchangisha si tatizo, tumezoea. Lakini mji huu una watu wachongao milango inayopigwa picha na dunia nzima, na Matondoni kuna waundao majahazi bila kuchora mstari kwenye karatasi. Watu hao hawakuwa na cheti cha ualimu. Kwa hiyo mtoto wa fundi alikaa darasani akisubiri mwalimu wa useremala atumwe kutoka mbali, huku baba yake akipiga randa mitaa miwili kutoka hapo. Mtaala mpya unasema mengi kuhusu ujuzi wa jamii. Nitaamini nikimwona fundi amelipwa.

Tarehe za kuingia, ukizilinganisha na tarehe rasmi za kufungua skuli, zitakufundisha bahari. Skuli ya bara ikifungua Jumatatu, watoto huingia Jumatatu. Hapa walioandikwa siku ya kwanza ni wa Amu (ndio mji wa Lamu), Shela na Mokowe. Wa Faza, Siyu, Pate na Kizingitini, wote wa kisiwa cha Pate, hutokea baadaye, pengine siku mbili, wote kwa mkupuo, wakati mwingine jioni. Karani mgeni huwadhania watoro. Ukweli ni kwamba chombo kinachotoka Pate hupita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, unakaa ukitazama mikoko, na sanduku lako la bati limekukalia mapajani. Anayeharakisha azunguke nje ya Manda, kwenye bahari kuu, na wakati wa upepo wa kusi mzazi mwenye akili hakubali. Muhula wa pili hufungua karibu na Mei, mvua za masika na kusi zikija pamoja, na ndio muhula wenye kuchelewa kwingi kuliko yote. Korona ilipovuruga kalenda, kidato cha kwanza cha 2021 kiliripoti Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Nairobi hawakuliona hilo.

Siku yenyewe ya mwanafunzi huendeshwa kwa kengele na kwa adhana, na ratiba iliyochapishwa huonyesha kengele peke yake. Alfajiri bweni huamshwa na msikiti kabla ya zamu kupiga kengele ya prepu ya asubuhi, yaani saa ya kujisomea. Ijumaa kipindi cha mwisho kabla ya mchana hufupishwa, kanzu na kofia zinatoka sandukuni, na mwalimu mwenye kipindi hicho, hasa akiwa wa Hisabati, hulalamika mwaka mzima. Wanaolala nyumbani wana siku ndefu zaidi, kwani saa kumi wakitoka skuli wengine huenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, wakale, wakalale, na kazi ya ziada ya Fizikia inangoja. Ratiba za Mwezi wa Ramadhani nimezikuta zimeandikwa kwa mkono nyuma ya ratiba rasmi: vipindi vifupi, hakuna michezo, jiko linawashwa jioni na kabla ya daku. Wasiofunga hupikiwa pure yao mchana kama kawaida, na sijawahi kukuta ugomvi ulioandikwa kuhusu hilo.

Maulidi ni habari nyingine. Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha Habib Swaleh, hujaza mji wageni kila Mfungo Sita, na kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kuna miaka sherehe huangukia katikati ya mtihani. Mwaka 2018 na 2019 Mfungo Sita uliangukia Novemba, KCSE ikiendelea. Mtahiniwa anajibu maswali ya Kemia na matari yanasikika dirishani.

Sababu za kutoka huandikwa kwa neno moja. "Amehitimu" ndilo la wengi, alhamdulillahi. Mengine: uhamisho, karo, ndoa. "Ndoa" hukaa mbele ya majina ya wasichana, na kadiri unavyokaribia miaka yetu inapungua, ingawa karani mwenye huruma huandika "uhamisho" badala yake. Kuanzia katikati ya 2014 "karo" na "uhamisho" vinafuatana. Juni mwaka huo Mpeketoni ilishambuliwa, Julai amri ya kutotoka usiku ikawekwa, na wavuvi wakazuiwa kwenda baharini usiku. Nje ya Lamu watu walisoma habari ya usalama. Ofisi ya skuli iliisoma kwenye risiti: mvuvi asiyevua usiku hana karo. Katika msitu wa Boni skuli za msingi zilifungwa, na watoto ambao wangefika upili miaka michache baadaye hawakufika.

Kuna daftari moja ambalo halina mrithi, la adhabu: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa. Makosa ni kutoroka kwenda mjini, kuchelewa prepu, na kuogelea bila ruhusa, kosa ambalo Lamu ni vigumu mtu kulikwepa. Fimbo ilipopigwa marufuku kisheria 2001 maandishi yanakatika. Fimbo yenyewe haikukatika siku hiyo, waliosoma wakati huo watakwambia.

Sasa swali ninaloulizwa na makarani tangu Gredi ya 10 ianze: wafungue daftari jipya? Mfumo ni mpya, njia ni tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Jibu langu ni hapana. Endeleza nambari pale zilipoishia 2024, ongeza safu ya njia aliyochagua, na uandike mstari mmoja kwa wino kueleza kwa nini 2025 haina mtu. Wa 1985 hawakuandikiwa, na ndiyo maana ninaitwa. Daftari liwekwe kabati la chuma, mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, juu ya rafu na si sakafuni kwa sababu ya mchwa. Kurasa zilizolegea zisitiwe gundi wala plastiki. Zipigwe picha kwa simu mchana, moja moja, nambari zikionekana, na nakala ikae kwa mtu asiyefanya kazi hapo skulini.