Haki ya kujibu: komedi ya upole ni nini, na kwa nini imeadimika kwenye runinga

Komedi ya upole ni kichekesho ambacho anayechekwa hatupwi. Ana ila yake, na ila hiyo ndiyo inayotuvunja mbavu, lakini ndani ya hadithi ana mke, jirani, kazi na deni dukani, na ana zamu yake ya kurudisha. Wiki ijayo atakuwepo tena.

Wengi huichanganya na vichekesho "safi", yaani visivyo na matusi wala mambo ya chumbani. Hayo ni mambo mawili. Kipindi kinaweza kukosa tusi hata moja kikawa cha kikatili tangu mwanzo hadi mwisho, na mzee wa kwenye igizo anaweza kumsema shemeji yake vibaya kutwa nzima pasipo yeyote kuumia. Cha kuangalia ni kama aliyechekwa amepewa nafasi ya kujibu.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko runinga. Kwenye utani wa makabila ya Tanzania, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, mtani anaweza kufika msibani akaigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, nao wakacheka. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, kwa sababu deni liko wazi: msiba ukihamia upande wa pili, mchezo utarudishwa. Anayetania bila kukubali kutaniwa hana utani, ana dharau. Komedi ya upole ilichukua mkataba huo ikauweka sebuleni.

Kwa Mkenya, kipimo ni Vitimbi, igizo la vichekesho la KBC, runinga ya taifa. Mzee Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyecheza Mjaluo kwa lafudhi nzito kiasi kwamba watazamaji wengi hawakujua kwao ni wapi. Lafudhi hiyo iliwachekesha watu miaka na miaka, wakiwemo Wajaluo wenyewe, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ilikuwa lafudhi ya mtu mmoja. Ojwang alikuwa na nyumba, alikuwa na Mama Kayai (Mary Khavere) wa kumkatiza kila alipojifanya mjanja, na alikuwa na mambo yake ambayo mtazamaji aliyajua kwa moyo. Ukimcheka, unamcheka Ojwang. Sasa chukua lafudhi ileile, mpe mchekeshaji wa jukwaani mwenye dakika tano na maikrofoni. Hana muda wa kumjenga mtu, kwa hiyo anasema "hawa watu wa kule wako hivi". Sauti haijabadilika, ila anayechekwa sasa ni kabila zima, na kabila halimo jukwaani kujibu.

Tuufungue mtambo wenyewe. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika 22 hadi 24, ambazo ni maonyesho manne hadi sita. Chukua kisa hiki. Mzee amealikwa harambee ya kujenga zahanati, na mwalikaji amemdhania ni tajiri. Mfukoni ana shilingi 200. Dakika tatu za kwanza ni za kuonyesha ila: badala ya kusema ukweli, anaazima koti. Hapo mtazamaji ameshajua atakakoangukia, na kujua huko ni sehemu ya raha. Onyesho la pili, anaketishwa meza ya mbele. Anaahidi 5,000. Mpinzani wake wa siku nyingi anaahidi 6,000. Mzee anapanda hadi 10,000, na kila anapopanda sauti inakuwa nzito zaidi na jasho linaonekana kwenye kola ya koti la watu. Onyesho la tatu ndilo kiini: mweka hazina anainuka kusoma orodha ya ahadi, naye ni mkewe, mtu pekee mle ndani anayeijua hesabu ya nyumba ile hadi senti ya mwisho.

Mwandishi mkatili angemfanya mke amwumbue hadharani, watu wacheke viatu vilivyotoboka, kipindi kiishe. Mwandishi mpole anamfanya mke asome kwa sauti ya utulivu: "Mzee ameahidi elfu kumi. Nimeandika." Anamwangalia juu ya miwani, anaendelea na jina linalofuata. Amemsitiri mbele za watu, na sote tunajua nyumbani kuna hukumu inamngoja. Onyesho la mwisho ni la bili: mzee anachota maji mwezi mzima, au anauza redio yake. Anajitetea kwa hoja ya kipuuzi lakini ya kishujaa, mke anamjibu, na mambo yanarudi yalivyokuwa. Zahanati imepata hela yake pia.

Ona kinachochekwa pale. Umaskini wa mzee haukuguswa. Kilichochekwa ni uongo wake, ambao aliuchagua mwenyewe na angeweza kuuacha wakati wowote. Hilo ndilo jaribio ambalo mwandishi hufanya akiwa na muswada mkononi: ng'oa kwenye mstari kile ambacho mhusika hakujichagulia, kama kimo, ulemavu, kabila, unene au ufukara, kisha usome tena. Kichekesho kikifa, basi hakikuwepo. Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyechezwa na Charles Bukeko, alisimama juu ya msingi huu: bawabu anayeondoka nyumbani amevaa suti ili mkewe Wilbroda asijue kazi anayofanya. Kazi ya ubawabu haikudhihakiwa. Kilichochekesha ni suti.

Mbona basi komedi za namna hii zimepungua? Jibu la haraka ni kwamba watu wamekuwa wabaya. Jibu hilo halielezi kitu, maana watu wabaya walikuwepo hata enzi za Vitimbi. Kilichobadilika ni namna runinga inavyotazamwa na inavyolipwa.

Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga. Tanzania bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilishakuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Seti yenyewe ilikuwa moja kwa nyumba, mara nyingi moja kwa majirani kadhaa. Mbele yake walikaa bibi, wajukuu, baba mwenye nyumba na mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia, wote kwa pamoja. Kichekesho kilichomwudhi mmoja kiliharibu jioni ya wote, na kituo kilisikia malalamiko. Upole ulikuwa sharti la chumba. Simu imekivunja chumba hicho. Mtu anayetazama peke yake, kitandani, ameweka visikilizi masikioni, hana bibi wa kumwonea haya.

Pigo la pili ni la fedha, na naliona kubwa kuliko yote. Sehemu moja ya igizo la nusu saa inataka waigizaji sita hadi kumi, muswada, mazoezi, seti au nyumba ya kukodi, siku moja au mbili za kurekodi, kisha uhariri. Tamthilia ya kigeni inakuja imekamilika; gharama yake imesharudi kwao, kwa hiyo huku inauzwa rahisi. Usiku mmoja wa vichekesho vya jukwaani unaweza kutoa zaidi ya kipindi kimoja, na mlangoni watu wamelipa kiingilio. Mahojiano ya studio ni rahisi zaidi: makochi mawili, wageni wanaokuja kujitangaza. Sheria ya Kenya inayodai asilimia 40 ya maudhui ya ndani haijasaidia sana hapa, kwa kuwa inahesabu saa, na saa ya makochi inatosha kama saa ya igizo. Ulipokuja mfumo wa dijitali, ambao Kenya uliandamana na Citizen, NTV na KTN kuzimika kwa takriban wiki tatu kuanzia Februari 2015, vituo viliongezeka kwa kasi huku mfuko wa matangazo ukigawanywa vipande vidogo zaidi.

Halafu kuna muda. Klipu ya sekunde 60 lazima imkamate mtazamaji ndani ya sekunde tatu za mwanzo, la sivyo kidole kimeshapita. Sekunde tatu hazitoshi kumfahamu mtu. Zinatosha kumtambua aina yake tu: mlevi, mshamba, mke mkali, mnene. Mchekeshaji analazimika kutumia mhusika ambaye mtazamaji amekuja naye kichwani, na wahusika wa namna hiyo karibu wote wametengenezwa na dharau. Ndiyo maana watu wenye kipaji cha kweli, wakihamia klipu, huanza kuuma hata kama si tabia yao. Mizaha ya kuvizia barabarani ndiyo mwisho wa njia hii: mpita njia anatishwa au anamwagiwa maji, kamera imefichwa, na uso wake wa hofu ndio bidhaa. Hana jina, wala zamu.

Michezo mifupi ya kuiga watu, kama iliyompa umaarufu mchekeshaji wa Tanzania Joti na wenzake wa Ze Comedy pale EATV na baadaye Ze Orijino Komedi pale TBC1, iko katikati. Joti akicheza bibi kizee au mtoto mtundu alimpenda mhusika wake na ilionekana. Lakini mchezo mfupi hauna Jumatatu inayofuata. Hakuna nyumba ya kurudi.

Kejeli ya kisiasa naiweka kando kabisa. Redykyulass, kikundi cha wachekeshaji wa Kenya, walipomwiga Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, au vikaragosi vya The XYZ Show vilipoanza mwaka 2009, kazi yao ilikuwa kuuma wenye nguvu, na mwenye nguvu anayo majukwaa ya kujibia. Kuwadai upole ni kukosea mlango.

Wanaojaribu kuifufua komedi ya upole huanguka mara nyingi kwenye shimo moja, nalo ni mahubiri. Mfadhili analeta ujumbe, chanjo au kunawa mikono, na ujumbe unapewa mhusika mwenye busara asiye na ila. Mhusika asiye na ila hachekeshi, na mbaya zaidi anawageuza wenzake kuwa wanafunzi. Ujumbe ukilazimika kuwepo, mpe mjinga ausemee vibaya, watu waukumbuke kwa kumsahihisha. Kosa jingine ni kubandika kicheko cha kurekodi kila baada ya mstari, jambo linalomnyima mwigizaji ukimya. Mke anapomwangalia mumewe juu ya miwani anahitaji sekunde mbili au tatu bila sauti yoyote. Ukizijaza, umemnyang'anya.

Tatizo la urithi nalo ni zito. Vipindi hivi hubebwa na mwili wa mtu mmoja, na hakuna anayeandaliwa kushika nafasi. Wanjau alifariki Julai 2015, mchekeshaji wa Tanzania King Majuto (Amri Athumani wa Tanga) Agosti 2018, Bukeko Julai 2020. Ukitaka kipindi kiishi, jenga nyumba yenye watu watano wanaoweza kubeba sehemu nzima kila mmoja kwa zamu, na uanze kufanya hivyo msimu wa kwanza, kabla nyota hajawa nyota.

Vioja Mahakamani, igizo la KBC la kesi za kuchekesha, imedumu kwa miongo ya miaka, na ukiitazama kwa jicho la fundi utaona kwa nini. Seti ni chumba kimoja, kiti cha jaji, kizimba na benchi. Hakuna kutoka nje kutafuta mahali pa kupigia picha. Kesi inaanza na kuisha ndani ya sehemu moja, kwa hiyo mwigizaji mmoja akikosekana kesi nyingine inasomwa. Jaji, kiongozi wa mashtaka na karani wapo daima, na mshtakiwa anaweza kuwa yeyote. Kisha kuna utaratibu wenyewe wa mahakama: mashtaka yakishasomwa, hata mwizi wa kuku aliyeshikwa na manyoya mfukoni lazima aulizwe anasemaje, na kipindi hakiwezi kusonga mbele mpaka amejibu.