Ukubwa wa sampuli: 384 inatoka wapi?

Mwanafunzi wa uzamili katika fani za afya hapa Dodoma, awe ametoka wodini katika Hospitali ya Benjamin Mkapa au katika zahanati ya kijiji wilayani Chemba, hukutana na namba 384 kabla hajakutana na mshiriki wa kwanza wa utafiti wake. Huikuta katika tasnifu za waliomtangulia, huiandika katika sura ya tatu ya pendekezo lake, kisha hushangaa jopo linapomuuliza kwa nini si 200 au 700.

Ukubwa wa sampuli ni idadi ya chini ya watu, kaya au mafaili ambayo mtafiti anapaswa kuyafikia ili jibu atakalolipata liweze kusemwa juu ya kundi zima kwa usahihi alioukusudia tangu mwanzo. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye usahihi uliokusudiwa. Kanuni ya hesabu haijui mtafiti anataka nini. Inapokea maamuzi yake matatu na kuyageuza kuwa idadi, na kama maamuzi hayo aliyafanya mtu mwingine kwa tatizo jingine, idadi itakayotoka ni ya mtu huyo.

Uamuzi wa kwanza ni kiwango cha uhakika. Wengi huchukua asilimia 95, ambayo huingia kwenye hesabu kama 1.96, maana yake ni kwamba utafiti huohuo ukirudiwa mara 100 kwa sampuli tofauti, katika marudio takribani 95 masafa yatakayokokotolewa, yaani kutoka kadirio la chini hadi la juu, yatalibeba jibu la kweli. Hapa hakuna ubishi mkubwa. Uamuzi wa pili ni makadirio ya ukubwa wa tatizo kabla ya kulipima, na wa tatu ni kosa ambalo mtafiti yuko tayari kulivumilia juu na chini ya jibu lake. Hesabu yenyewe ni fupi: 1.96 huzidishwa kwa yenyewe, hupata 3.8416, hiyo huzidishwa kwa makadirio ya tatizo, kisha kwa sehemu iliyobaki kufikia moja, mwisho hugawanywa kwa kosa linalovumilika lililozidishwa kwa lenyewe. Ukiweka makadirio ya 0.5 na kosa la 0.05, unapata 384.16. Kwa haki inapaswa kupandishwa kuwa 385, ila desturi ya kuandika 384 imekwisha kuota mizizi.

Kwa hiyo 384 ni jibu la mtu ambaye hana fununu yoyote kuhusu ukubwa wa tatizo. Makadirio ya 0.5 ndiyo yanayotoa idadi kubwa kuliko mengine yote kwa kosa lilelile, na ndiyo maana huchukuliwa kwa tahadhari. Lakini mtafiti anayetaka kujua ni wajawazito wangapi wana upungufu wa damu katika kliniki za Bahi hawezi kudai kuwa hana fununu, kwa kuwa tatizo hilo limepimwa mara nyingi nchini. Tuseme amesoma tafiti za maeneo yanayofanana na Bahi na kuona kuwa makadirio ya asilimia 20 yanafaa: hesabu itampa 246. Akitaka kosa lisizidi asilimia 3 badala ya 5, idadi itapanda hadi 683. Usahihi una gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa vitendanishi, nauli na miezi ya kukusanya data.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye matatizo adimu, na kwa maoni yangu haufundishwi vya kutosha. Ukikadiria tatizo kuwa asilimia 2 na kuacha kosa lilelile la asilimia 5, kanuni itakupa watu 31, na mwanafunzi aliyebanwa na bajeti anaweza kufurahi. Furaha hiyo haina msingi, kwa sababu jibu litaanzia chini ya sifuri na kuishia asilimia 7, masafa ambayo hayamwelezi mganga mkuu wa wilaya chochote. Kosa linalovumilika lazima lipungue pamoja na tatizo. Likiwa asilimia 1, watu wanaohitajika ni 753.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni hii hulichukulia kimyakimya, nalo ni kwamba kila mshiriki amechaguliwa peke yake kutoka kundi zima. Matone machache ya damu humtosha mtaalamu wa maabara kwa kuwa damu huchanganyika mwilini. Watu wa wilaya hawachanganyiki namna hiyo. Wilaya ya Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, inalionyesha hilo vizuri, kwani ugonjwa huo hujikusanya katika kaya na vijiji fulani, na watoto wanaolala nyumba moja huambukizana. Katika jaribio la kunawisha watoto nyuso lililochapishwa mwaka 1995, kilichogawanywa kwa bahati nasibu kilikuwa vijiji, wala si mtoto mmojammoja. Anayechagua vijiji kwanza, kisha watu ndani yake, anapaswa kukuza sampuli yake kulingana na kufanana huko. Akichukua watu 20 kwa kila kijiji, na kufanana kwao, kwa kipimo cha 0 hadi 1, kukawa 0.05, atazidisha 0.05 kwa wenzake 19 wa kila mtu kijijini na kujumlisha 1, apate 1.95; akizidisha kwa 1.95, wale 246 watakuwa 480.

Baada ya hapo huongezwa watakaokataa au kukosekana. Akitarajia asilimia 10, agawanye 480 kwa 0.9 apate 534. Wengi huzidisha kwa 1.1, wanapata 528, na mwishoni hupungukiwa kidogo.

Utafiti wa kulinganisha makundi mawili una hesabu yake, inayodai pia nguvu ya utafiti, yaani uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa kweli ipo. Kutofautisha asilimia 40 na asilimia 25 kwa nguvu ya asilimia 80 huhitaji watu takribani 149 kila upande. Anayefanya mahojiano ya kina hatumii kanuni yoyote kati ya hizi. Huendelea kuhoji hadi mahojiano mapya yasipoleta hoja mpya.

Idadi kubwa, hata hivyo, haitibu uchaguzi mbaya. Wagonjwa 1,000 wa hospitali ya rufaa hawawawakilishi wakazi wa Mpwapwa, kwa sababu wamefika huko kwa kuwa wamezidiwa, au kwa kuwa wana bima na nauli.

Aya ya ukubwa wa sampuli katika pendekezo inapaswa kutaja makadirio ya tatizo na utafiti yalikotoka, kosa linalovumilika na sababu ya kulichagua, namna washiriki watakavyochaguliwa, nyongeza zilizofanywa, na idadi ya mwisho. Msimamizi aweze kushika kikokotoo na kuipata idadi hiyohiyo bila kumpigia mwanafunzi simu.