Mbeya umbali usiupimie mjini, upimie lami

Watu wanaohamia Mbeya, hasa watumishi wapya na vijana waliooa juzijuzi, swali lao kwangu ni moja tu: nikapange Soweto, Block T au Forest kwenye kodi ya juu, au niende zangu Isyesye, Itezi, Uyole, Iwambi au Mbalizi kabisa ambako kodi iko chini? Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo, kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu, kupima, kulinganisha na kuandika bei, na kabla sijamjibu mtu huwa namuuliza kwanza, hiyo nyumba unayoitaka iko mbali kiasi gani na lami? Mjini tutakuja baadaye, nataka kujua lami.

Jiji letu limelala kwa urefu. Kaskazini kuna milima, Loleza na wenzake, si pa kujenga kirahisi, kwa hiyo watu wamejipanga kufuata barabara kubwa ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, toka Uyole, Nanenane, Sae, Mama John, Soweto, Kabwe, Mafiati, ukishuka Nzovwe na Iyunga mpaka Iwambi halafu Mbalizi, na ule mji wa zamani wenyewe, Sisimba na Uhindini, umekaa pembeni juu huko wala barabara kubwa haiupitii. Biashara nyingi nazo zilishahamia Mwanjelwa, Kabwe na SIDO, yaani leo mtu akikwambia naenda mjini inabidi umuulize mjini ipi. Daladala na bajaji zinakimbia kwenye huo mstari kutwa nzima. Ndo maana mtu anayekaa Nanenane hatua chache toka lami anawahi Mwanjelwa kuliko mtu anayekaa karibu zaidi kwenye ramani lakini nyumba yake iko ndani huko juu, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hata boda anakwambia dada shuka, hapa mwisho.

Hebu tufanye hesabu. Hizi namba nimeziweka kwa mfano, we weka za kwako. Baba na mama wote wanafanya kazi, mmoja Mwanjelwa mwingine hospitali ya Meta, siku 26 kwa mwezi. Nyumba ya kwanza iko Soweto, kodi 250,000, nauli kila mtu 500 kwenda na 500 kurudi. Nyumba ya pili iko Isyesye ndani ndani, kodi 120,000, boda mpaka lami 1,000, halafu daladala 700, kila mtu, kwenda hivyo na kurudi hivyohivyo. Soweto nauli ya watu wawili kwa mwezi inakuja 52,000. Isyesye ndani inakuja 176,800. Tofauti ya nauli peke yake ni 124,800, na kwenye kodi ulikuwa umeokoa 130,000, kwa hiyo mwisho wa mwezi umebaki na 5,200, na hapo hatujamgusa mtoto wa shule wala siku umetoka kazini usiku boda akakupiga bei anayotaka yeye. Sasa chukua nyumba hiyohiyo ya 120,000 isogeze karibu na lami, ile 1,000 ya boda ifute, nauli ya wote wawili inakuwa 72,800 na unaokoa 109,200 kila mwezi, hiyo sasa ni hela, ukiikusanya mwaka mzima ni zaidi ya milioni moja na laki tatu.

Kwa hiyo pembezoni si rahisi wala si ghali kwa jina lake tu. Rahisi ni pembezoni iliyoshika lami. Ile ya ndani bei yake umeigawa mara mbili, nusu unampa mwenye nyumba na nusu unampa boda, na boda hakupi risiti ndo maana hela hiyo huioni ikitoka.

Kodi za katikati nazo zina sababu zake, si tamaa ya wenye nyumba peke yake. Forest na Block T ni viwanja vilivyopimwa zamani, vikubwa, ardhi imetulia, barabara za mitaa zipo kweli, na ofisi na vyuo viko humohumo. Kule Iyunga na Ikuti ni wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, mwenye nyumba akishajua akigawa nyumba vyumba vyumba kila chumba kinalipa, hana tena hamu na familia ya watu watano inayotaka nyumba nzima, hapo familia inasukumwa mbele kwenda Iwambi. Na watu tumeongezeka, sensa ya 2012 ilitukuta Jijini zaidi ya 385,000, ya 2022 ikatukuta zaidi ya 541,000, na ardhi nzuri tambarare haikuongezeka hata hatua moja. Wengine wamepanda mlimani, wengine wameshuka mabondeni.

Hapa kwenye mlima na bonde naomba unisikilize vizuri. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka Itezi likafukia nyumba za watu na shule, na waliojenga pale si wajinga, ni watu kama mimi na wewe waliotafuta bei wanayoiweza. Ardhi yetu sehemu nyingi ni ya volkano, nyepesi, ikinywa maji mengi kwenye mteremko uliokatwa miti haina cha kuishika. Nyumba ya chini ya mteremko mkali mimi kwenye uthamini naishusha, hata kama ina malumalu na geti la kisasa, na mpangaji naye aishushe kichwani mwake hivyohivyo. Mabondeni sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto ziachwe, halafu ukipita mitaa yetu unakuta jiko la mtu liko juu ya mfereji kabisa. Nyumba ukaione Machi. Dalali akikupeleka Septemba kila nyumba ni nzuri, vumbi tu, lakini Machi ndo utajua maji yanapita wapi, uangalie alama ya unyevu ukutani imefika juu kiasi gani, kabati limesogezwa mbali na ukuta au la, na chooni panarudisha maji au hapana.

Baridi nayo ni gharama, na wanaotoka Dar au Morogoro huwa hawaihesabu kabisa. Jiji liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Uyole upepo hauna mchezo. Nyumba isiyo na silingi bodi, bati tupu, utailipia kwa mkaa, gesi na hela ya dawa za mafua ya watoto. Kitu ambacho madalali hawakutajii: sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo miezi ya baridi jua letu linapita upande wa kaskazini. Nyumba yenye madirisha makubwa ya sebule na vyumba yanayotazama kaskazini inapata jua mchana kutwa wakati unalihitaji, inayotazama kusini inabaki friji na kuta zinaota fangasi. Kodi ni ileile! Na tafadhali sana jiko la mkaa lisilale ndani na watu, gesi yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Maji nayo uliza kwa majirani, mwenye nyumba mwache. Anayo bomba, sawa, lakini yanatoka siku ngapi kwa wiki na saa ngapi? Mradi wa kuleta maji toka mto Kiwira ndo tunaoutegemea sana hapa Jijini, ila mwezi huu mtoto wako anaoga maji ya mwezi huu, kwa hiyo nyumba yenye simtank tayari ina thamani kuliko yenye ahadi. Kwenye chakula nawapa pembezoni ushindi wa wazi, mtu wa Uyole yuko kwenye viazi na mboga zikiwa bado na udongo, na soko la Igawilo kwenye barabara ya Tukuyu ndizi za Rungwe zinashukia pale kabla hazijafika Mwanjelwa kupandishwa bei.

Mbalizi sasa. Watu wengi wanaisahau kwamba hiyo iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, haiko chini ya Jiji. Ni mji unaojitosheleza, una soko lake, una hospitali ya Ifisi, uwanja wa ndege wa Songwe uko mbele yake na kiwanda cha saruji kiko upande huohuo. Ukifanya kazi kule, au Iyunga, mimi nakwambia nenda na usigeuke nyuma. Lakini kama kazi yako iko Mwanjelwa au mjini, kila asubuhi na jioni utaupanda na kuushuka mteremko wa Iwambi pamoja na malori ya Tunduma, na ule mteremko umeshaua watu wengi, hiyo nayo iingie kwenye hesabu hata kama haiandikiki kwa shilingi. Upanuzi wa njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ndo unabadilisha mchezo, na wauza viwanja wanalijua hilo kuliko wanunuzi, bei wameshaipandisha kwa barabara ambayo bado ina vifusi.

Na kama unapanga pembeni kabisa ya hiyo barabara, kabla hujatoa kodi ya miezi sita zunguka nyumba yote uangalie kama imepigwa alama ya X, ile ya kubomolewa. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande toka katikati. X nyekundu mwenye nyumba hana fidia, ya kijani anayo, lakini we mpangaji zote mbili maana yake ni kwamba utafungasha vyombo, na kodi uliyolipa mbele kuirudisha ni kazi nyingine.

Nikiwa hapohapo kwenye kodi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hakuna wa kumzuia mwenye nyumba kupandisha isipokuwa karatasi mliyosaini, sasa wengine hata karatasi hawana, wamelipa miezi sita kwa kushikana mikono na dalali kaondoka na ya mwezi mmoja. Andika mkataba, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, na muandike kodi haitapanda ndani ya muda gani. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ya mwenye nyumba, we unamlipia tu kwa sababu umeme unanunua wewe. Mwambie kwa heshima, mzee shikamoo, naomba hii tuihesabu kwenye kodi ya miezi ijayo. Wengi wanakubali wakiambiwa vizuri.

Wa Iringa mnaoniandikia, kwenu kipimo kinabadilika kidogo kwa sababu barabara kuu inapita chini Ipogolo na mji wenyewe uko juu ya kilima, kwa hiyo anayekaa Ipogolo ameshika lami lakini kila siku anaulipia ule mlima. Linganisheni Ipogolo na Kihesa kwa nauli ya kupanda, kilomita hazitawaambia kitu.

Wale ambao wamechoka kupanga wanataka kiwanja, kinachoniumiza ni jinsi viwanja vinavyouzwa vimepimwa, bikoni za mipaka zipo, barabara ya mita kadhaa iko kwenye ramani, ukifika pale ni shamba la mahindi la mtu na njia ya mguu. Barabara hiyo wataichonga wanunuzi kwa kuchangishana, au itasubiri TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, miaka. Kwa hiyo unapolinganisha kiwanja cha Isyesye na cha Nsalaga usigawe bei kwa mita za mraba ukaishia hapo, ongeza gharama ya kuchonga barabara, nguzo za umeme toka ilipoishia ya mwisho, na bomba la maji. Halafu chukua namba ya kitalu na kiwanja uende ofisi ya ardhi ya Jiji, au ya Halmashauri kama ni Mbalizi, uangalie mchoro wa mipango miji kwa macho yako. Kuna watu wameuziwa eneo la shule, wengine eneo la wazi, na anayeuza alikuwa na karatasi nzuri tu yenye mhuri wa mtaa.