"Jenerali wa vifaru" ni nani hasa?

Ukisoma tanzia za majenerali wa Uingereza, hutakosa kukutana na sentensi ya namna hii: "Alianza utumishi katika kikosi cha vifaru." Aya chache baadaye unaambiwa marehemu alistaafu akiwa Mkuu wa Majeshi. Msomaji anajenga picha ya mzee aliyekaa miaka arobaini ndani ya chuma, kofia imejaa vumbi, mkono juu ya bunduki. Picha hiyo ina kosa. Wengi wao vifaru walivipa kisogo mapema sana, na sababu imejificha ndani ya maneno mawili: kikosi na jenerali.

Kabla ya hayo mawili, tuangalie deraya. Siku hizi tunalisikia redioni, "magari ya deraya yameingia mjini", lakini ni neno la zamani: vazi la chuma alilovaa mpiganaji kujikinga na upanga. Gari la deraya ni gari lililovikwa vazi hilo. Kifaru ndilo lililo zito kuliko yote, lina minyororo badala ya magurudumu, na mzinga juu ya mnara unaozunguka. Jina lake kwetu linajitosheleza, maana ukimjua faru umeshaelewa nusu ya habari. Waingereza waliliita tangi kwa hila. Walipokuwa wakiliunda kwa siri walisema ni tangi la maji, na uongo huo ukageuka kuwa jina la kudumu. Liliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa.

Sasa kikosi. Kwa Kiswahili kikosi kinaweza kuwa watu kumi au watu elfu thelathini, ndiyo maana tafsiri hutuchanganya. Jeshi la Uingereza lina kitu kinachoitwa Kikosi cha Kifalme cha Deraya, kilichoundwa tarehe 4 Aprili 1939 kwa kuwaweka chini ya dari moja watu wa aina mbili ambao hawakupendana sana: rejimenti za wapanda farasi, ambazo farasi wao walikuwa wameondolewa na kuletewa injini, na watu wa vifaru wenyewe, waliokuwapo kama kikosi kamili tangu 1917. Lakini kikosi hiki hakiendi vitani. Hakuna adui aliyewahi kupigana nacho. Ni kama ukoo. Ukoo hauna shamba lake. Wenye mashamba ni watu wa ukoo. Kikosi cha Deraya ndicho kinachokufundisha, kinachokuvisha na kinachokujua kwa jina. Kupigana utapigana ndani ya rejimenti, brigedi (rejimenti kadhaa pamoja) au divisheni (brigedi kadhaa pamoja), ukichanganyika na askari wa miguu, wapiga mizinga na wahandisi.

Ukoo huo una mkurugenzi wake, na hapa ndipo wengi huteleza. Cheo cha Mkurugenzi wa Kikosi cha Deraya kinasikika kama cha mtu anayeamrisha vifaru vyote vya nchi. Kwa kweli ni kazi ya mezani: mafunzo, mbinu, aina gani ya kifaru kinunuliwe, nani apelekwe wapi. Ofisi yake kwa miaka mingi ilikuwa Bovington, katika mkoa wa Dorset, kusini mwa Uingereza, ambako madereva hufundishwa na ambako lipo jumba maarufu la makumbusho ya vifaru.

Afisa mwenyewe huanzia chini. Akimaliza chuo cha maafisa cha Sandhurst, wiki 44, anavaa nyota ya luteni usu na kukabidhiwa vifaru vitatu au vinne. Tuseme ni Challenger 2, chuma cha tani zaidi ya 60 chenye watu wanne: dereva aliyejilaza mbele karibu chali, mlenga shabaha, mpakiaji anayesukuma risasi kwenye mzinga, na kamanda aliyechomoza kichwa juu ya mnara. Kijana wa miaka 23 ndiye kamanda, na sajenti wake kwenye kifaru cha pili amekuwa kazini tangu huyu akiwa shule ya msingi. Ndani kuna kelele, joto na harufu ya mafuta. Kuna pia birika la umeme lililofungwa ukutani, ambalo Waingereza wamekuwa wakiliweka katika vifaru vyao vya vita tangu kile kilichoitwa Centurion, ili watu wachemshe chai bila kufungua mlango. Mpakiaji ndiye anayeangukiwa na kazi ya chai. Bereti yao watu wa rejimenti ya vifaru ni nyeusi, kwa sababu ambayo mama yeyote anayefua ovaroli za fundi gari ataielewa.

Akiwa meja atapewa kombania, vifaru kati ya 14 na 18 kutegemea mpangilio wa wakati huo. Akiwa luteni kanali, kama ana bahati, atapewa rejimenti nzima, vifaru hamsini na kitu. Hapo ana takriban miaka arobaini. Na hapo ndipo mwisho wa vifaru, kwa maana ya kuvishika.

Kwa nini? Kwa sababu akipanda kuwa kanali kamili anavua alama ya rejimenti kwenye kofia, anavaa ya maafisa wa makao makuu na vipande vyekundu kwenye kola. Juu zaidi anaitwa jenerali, na neno hilo kwa asili yake ni "-a jumla". Afisa wa jumla si wa vifaru, si wa miguu, si wa mizinga. Anatakiwa aweze kuongoza vyote. Kwa hiyo "jenerali wa vifaru" ni usemi unaojipinga wenyewe kidogo, kama kusema fundi seremala wa kila kitu.

Michael Carver ni mfano ninaoupenda. Alizaliwa 1915, akaingia kikosi cha vifaru 1935. Vita vya pili vya dunia vilimpandisha kama lifti: mwaka 1943 aliongoza rejimenti akiwa na miaka 28, na Juni 1944 huko Normandy, Ufaransa, akapewa Brigedi ya 4 ya Deraya baada ya kamanda aliyemtangulia kuuawa. Alikuwa na miaka 29. Ubrigedia ule ulikuwa wa muda, na amani iliporudi ulirudishwa dukani, kama ilivyokuwa kwa vijana wengi waliopandishwa na vita. Mwaka 1954 akapelekwa Nairobi, makao makuu ya Kamandi ya Afrika Mashariki, wakati Waingereza wanapambana na Mau Mau, na baadaye akawa mnadhimu mkuu wa kamandi hiyo. Mwanavifaru katika vita vya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako kifaru hakina pa kupita. Aliyekuwa amirijeshi huko alipofika, Jenerali George Erskine, alikuwa ameongoza Divisheni ya 7 ya Deraya katika jangwa la Afrika Kaskazini, naye Carver akiwa mnadhimu wake. Ila Erskine mwenyewe kwa asili alikuwa mtu wa askari wa miguu.

Kisha mwaka 1960 Carver akapewa brigedi nyingine: ya askari wa miguu. Ndivyo ngazi inavyokwenda. Alifika kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu 1971, na miaka miwili baadaye Mkuu wa Majeshi akiwa na cheo cha Fildi Masha, kile kile ambacho John Okello alijivika Zanzibar mwaka 1964. Katika miaka 41 ya utumishi, brigedi ya vifaru aliyoongoza ni ile moja tu aliyoipata akiwa na miaka 29.

Kinyume chake nacho kipo. Divisheni ya 1 ya Deraya ya Uingereza iliyoingia Iraki na Kuwait mwaka 1991 iliongozwa na Meja Jenerali Rupert Smith, ambaye alikuzwa katika kikosi cha miavuli, watu wanaoruka kutoka angani na bunduki zao tu. Chini yake, brigedi ya 7 ya deraya ilikuwa mikononi mwa Patrick Cordingley, yeye mtu wa rejimenti ya wapanda farasi wa zamani. Na Montgomery, jenerali aliyeshinda mapigano ya El Alamein huko Misri, ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa bereti nyeusi ya vifaru yenye beji mbili? Alikuwa askari wa miguu tangu ujana wake. Bereti alipewa na watu wa kifaru alichokuwa akikitumia jangwani, ikampendeza, hakuivua tena.

Je, hakuna basi aliyekaa na vifaru mpaka mwisho? Yupo, na historia yake inaonyesha gharama yake. Percy Hobart alikuwa shemeji wa Montgomery, dada yake Hobart aliolewa na Montgomery 1927. Alianza kama mhandisi wa jeshi 1904, akahamia vifaru kwa hiari yake 1923, wakati wenzake wengi waliona ni njia ya kuua kazi yako. Alikuwa na akili kali na ulimi mkali zaidi. Aliamini vifaru vinaweza kwenda mbele kwa mamia, vikiongozwa kwa redio, na hakumficha mtu yeyote alichofikiri juu ya maafisa wa farasi. Mwaka 1938 alipelekwa Misri kuunda kile kilichokuja kuwa Divisheni ya 7 ya Deraya, wale waliojiita panya wa jangwani. Kabla divisheni haijafyatua risasi hata moja, wakubwa walimwondoa. Mwaka 1940 alistaafishwa.

Akarudi kijijini Chipping Campden na kujiunga na mgambo wa ulinzi wa nyumbani kwa cheo cha koplo usu. Meja jenerali mstaafu, na utepe mmoja begani. Churchill, waziri mkuu, alipopata habari alikasirika, akawalazimisha majenerali wamrudishe. Hobart akaunda Divisheni ya 11 ya Deraya, lakini ilipokuja kwenda Ufaransa aliiongoza kijana Pip Roberts, aliyeanza vita akiwa kapteni na kufikia umeja jenerali akiwa na miaka 37. Mzee alipewa divisheni nyingine, ya 79, ya vifaru vya ajabu: cha kufyeka mabomu ya ardhini kwa minyororo inayozunguka, cha kutema moto, cha kubeba daraja, na kinachoelea baharini kwa sketi ya turubai. Divisheni hiyo haikupigana pamoja hata siku moja. Vifaru vyake viligawiwa kwa wengine asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yalipoteremka ufukweni Normandy. Vile vya kuelea havikuwa na bahati sawa kila mahali: kati ya 29 ambavyo bataliani moja ya Wamarekani iliviteremsha baharini mbele ya ufuo wa Omaha, 27 vilizama.

Hobart hakupanda kupita meja jenerali. Baada ya vita rejimenti ya vifaru ilimfanya kanali wake wa heshima, yaani mzee wa ukoo, anayealikwa kwenye sherehe na mazishi na ambaye neno lake linasikilizwa ingawa hana amri juu ya mtu. Carver, aliyejua kuviachia vifaru mapema, alikuwa na nyota zote.