Modeli Ikipata Alama Nzuri Mno, Iulize Imejuaje

Vijana wanaotaka kuingia kazi ya data huniuliza wajifunze algoriti gani. Mimi huwarudisha kwenye jedwali. Hapa Mombasa kazi zangu nyingi hutoka kwa mawakala wa klaringi wa bandari ya Kilindini. Wanataka kujua kontena lililoshushwa leo litakaa yadini siku ngapi, maana siku za bure zikiisha, gharama za kuhifadhi huanza kuhesabika.

Kabla ya modeli yoyote, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na data ya zamani, kuna usafi wa data. Nambari ya kontena, kwa kanuni ya ISO 6346, ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zote zilizotangulia. Karani akikosea kuandika, mara nyingi hesabu hukataa. Mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya majedwali iitwayo pandas, aliyoianza Wes McKinney mwaka 2008, hunitolea nambari hizo mbovu kabla sijaunganisha orodha ya meli na ya forodha.

Lakini ninalolisisitiza kuliko yote ni kuvuja kwa data, yaani modeli kufunzwa kwa habari ambayo siku ya kutabiri haitakuwepo. Tuseme jedwali lina safu ya gharama za kuhifadhi. Ukiiacha humo, modeli itatabiri vizuri ajabu, kwa sababu gharama hizo huandikwa baada ya mzigo kukaa. Siku kontena linaposhushwa, safu hiyo ni tupu! Kwa hiyo alama zikiwa nzuri kupita kiasi, napitia safu moja moja na kuuliza: hili hujulikana lini, tena na nani?

Uvujaji mwingine umejificha zaidi. Katika scikit-learn, maktaba ya Python ya kutengenezea modeli, amri ya train_test_split hugawa jedwali sehemu ya kufunzia modeli na sehemu ya kuijaribu; isipoelekezwa vingine huchanganya mistari kama karata, kisha hutenga robo yake kwa majaribio. Sasa meli moja hushusha mamia ya kontena kwa mpigo. Baadhi zikienda kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio, modeli inapimwa kwa mizigo ambayo ndugu zake wa meli ileile imekwisha kuwaona. Tena hujifunza ya Novemba ikapimwa kwa ya Oktoba. Mimi hukata kwa tarehe. TimeSeriesSplit, ya scikit-learn pia, imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa: kila duru hufunzwa kwa yaliyopita na kupimwa kwa yanayofuata.

Tarehe zenyewe zina mambo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo modeli inayojua Januari hadi Desemba tu haiwezi kuelewa kwa nini tende huwahi zaidi kila mwaka. Naiongezea safu ya siku zilizobaki kufika Ramadhani. Wazo hilo huwezi kulipata ndani ya programu. Waulize walioshinda miaka kwenye foleni za forodha.

Modeli yenyewe sina mengi ya kuisemea. Naanza na idadi ya siku ya katikati (median) kwa kila aina ya mzigo, halafu naona kama XGBoost, programu inayounganisha miti mingi ya uamuzi, inaishinda kwa kiasi cha maana. Kwa majedwali ya namna hii, miti hiyo, yaani mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, hutosha, na kompyuta ya mkononi huimudu; PyTorch, maktaba ya mitandao ya neva, naiweka kwa picha na matini. Mwishoni simkabidhi wakala tarakimu moja. Nampa kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano siku 4 hadi 9, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga malori na pesa za mteja.